Randa Iliyogoma Juu ya Mvule: Kisa cha Karakana ya South B

Mwenye karakana ana stoo ya mita mbili kwa tatu kwenye ghorofa ya chini huko South B, Nairobi, na useremala wake ni wa jioni na Jumamosi. Alikuwa ameunganisha mbao nne za mvule kwa gundi nyeupe ili apate uso wa meza ya sebuleni: urefu sentimita 120, upana 60, unene milimita 25. Kilichobaki ni kupiga randa mpaka uso ulingane. Chombo chake ni randa ya chuma namba 4, mtumba wa soko la Gikomba, ya umbo ambalo kampuni ya Stanley ya Marekani ilieneza duniani baada ya kununua hataza za Leonard Bailey mwaka 1869. Urefu wake ni kama milimita 245. Kisu kina upana wa milimita 50 na unene wa 2.

Kazi ilimshinda kwa namna nne kwa wakati mmoja. Randa ilitetemeka na kuacha vijimawimbi kwenye mbao. Ilinyofoa nyuzi, hasa katika ubao wa pili na wa tatu, ikaacha mashimo madogo yanayokwaruza kiganja. Maranda, yaani vinyoleo vyembamba vya mbao, yalijikunja kama akodioni na kuziba mdomo baada ya kusukuma mara nne au tano. Na kisu kilikuwa butu ndani ya dakika kumi, hata kikiwa kimetoka kunolewa.

Kabla ya kuomba msaada alikuwa ameshafanya mambo mawili. Alipeleka kisu kwa jirani mchomeleaji, "Fundi, hebu nisaidie kunoa hiki," kikasagwa kwenye jiwe la mashine. Kisha akatumia jioni mbili kusugua tumbo la randa kwa msasa uliotandazwa juu ya plaiwudi, maana alikuwa amesikia kwamba randa yoyote ya zamani lazima isawazishwe tumbo kwanza. Baada ya hapo hali ilizidi kuwa mbaya, akaanza kuulizia bei ya randa ya umeme.

Sisi tulioombwa msaada tunashikilia kinyume chake: tumbo ndilo la mwisho kuguswa. Randa huchunguzwa kuanzia pale chuma kinapokutana na mbao, kisha kurudi nyuma sehemu moja baada ya nyingine. Anayeanzia tumboni hutumia nguvu nyingi mahali ambapo mara nyingi hapana kosa, na akikosea huongeza kosa jipya juu ya yale ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa hapa.

Kwa kuwa mafundi hutofautiana kwa majina ya sehemu hizi, tukubaliane hivi: kisu ni bapa linalokata, kifuniko ni bapa la pili linalofungwa kwa skrubu juu ya upande bapa wa kisu, kitako ni kipande chenye mteremko wa digrii 45 ambacho kisu hukilalia, tumbo ni uso wa chini wa randa, na mdomo ni mwanya wa tumboni ambamo makali hujitokeza.

Kisu kwanza

Kisu kilitolewa, kikashikwa mkononi na kukata kichwa cha kipande cha saipresi, pale nyuzi zinapokatwa kwa upana wake. Saipresi ni laini, na ulaini huo ndio unaoifaa kwa jaribio hili: makali mazuri huacha uso unaong'aa, makali butu huzisaga nyuzi na kuacha uso wa unga. Kisu hiki kiliacha unga. Chini ya taa, makali yake yalionyesha mstari mweupe wa kumetameta kutoka kona hadi kona. Makali yaliyokamilika hayarudishi mwanga.

Kupima mteremko wa kisu, yaani pembe iliyochongwa nchani mwake, hakuhitaji kifaa cha pekee. Kisu cha unene wa milimita 2 kikinolewa kwa digrii 25, uso wa mteremko wake huwa na urefu wa milimita 4.7, kwa digrii 30 huwa 4.0. Hiki kilipimwa milimita 3.2, yaani karibu digrii 39. Sasa angalia hesabu inavyokwenda. Kisu hulala kwa digrii 45 huku mteremko ukitazama chini. Ukitoa 39, nafasi inayobaki kati ya uso wa mteremko na mbao ni digrii 6 tu. Makali yanapoanza kulika, sehemu ya chini yao huwa ya mviringo kidogo, na kwa nafasi finyu kama hiyo kisu huanza kupanda juu ya mbao badala ya kuzama. Mtumiaji husukuma kwa nguvu zaidi, anaongeza kina, na papo hapo randa inaruka na kunyofoa. Hiyo ni nusu ya sababu ya makali "kuisha" ndani ya dakika kumi.

Nusu ya pili ilikuwa joto. Kisu cha aina hii hukomazwa kiwandani kwa joto la karibu digrii 200 za Selsiasi. Kikipashwa tena kupita hapo, rangi hutokea juu ya chuma kisafi: njano ya majani makavu kwenye digrii 220 hadi 230, kisha hudhurungi, zambarau, na buluu karibu na 300. Chuma kilichofika buluu kimelainika, na kukichovya majini baadaye hakurudishi ugumu. Kwenye ncha ya kisu jambo hili huchukua sekunde chache tu, kwa sababu ncha ni nyembamba na joto halina pa kukimbilia. Jiwe la mchomeleaji lilikuwa la kijivu, gumu, la kusagia maungio, na uso wake umeziba kwa vumbi la chuma. Jiwe la namna hiyo husugua zaidi kuliko linavyokata.

Buluu haikuonekana kwa sababu mwenyewe alikuwa ameipangusa kwa msasa. Kulibaki kivuli chake kwenye kona moja ya upande bapa. Tupa ndogo ya kunolea misumeno ilimaliza ubishi: ikipitishwa kwenye kona ya ncha iliuma na kutoa unga wa chuma, milimita 5 juu yake iliteleza na kuacha mkwaruzo hafifu tu. Mpaka kati ya laini na gumu ulikuwa kama milimita 4 kutoka kwenye makali. (Jaribio hili lisifanywe juu sana, karibu na tundu la skrubu. Visu vingi vya zamani vilifanywa vigumu upande wa chini tu, kwa hiyo huko juu ni laini tangu kiwandani.)

Zipo karakana za jua kali zinazoweza kukichoma kisu upya na kukizamisha kwenye mafuta, lakini bila kujua chuma ni cha aina gani hiyo ni bahati nasibu, na bapa jembamba hupinda kwa urahisi. Njia ya hakika ni kuiondoa sehemu iliyoungua. Mstari ulichorwa milimita 4 kutoka kwenye ncha kwa kutumia skwea. Kisu kikasagwa kwanza kikiwa kimesimama, yaani makali yakielekezwa moja kwa moja kwenye jiwe, mpaka kwenye mstari. Hapo ncha ni nene na inabeba joto. Ndipo mteremko wa digrii 25 ukaanza kuchongwa, kwenye jiwe jeupe laini zaidi ambalo uso wake ulikuwa umekwanguliwa upya. Kanuni ni ya vidole: kisu kishikwe karibu na makali kwa vidole vitupu, kichovywe majini baada ya kila mpito mmoja au miwili, na kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, umechelewa. Tone la maji likikaa nchani ni ishara nzuri zaidi. Likianza kuchemka, toa mkono. Kusaga kulikoma ikiwa imebaki nusu milimita ya chuma butu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono.

Kwa unoaji wa mkono, kioo cha unene wa milimita 10 na msasa wa maji vinatosha kabisa, na hakuna haja ya mtu wa karakana ndogo kununua mawe ya gharama. Karatasi hulowekwa, hubandikwa kwenye kioo kwa maji yenyewe, na kisu huvutwa kurudi nyuma tu. Kikisukumwa mbele hupasua karatasi. Namba zilizotumika ni 220, 400, 1000 na 2000. Kisu kilibanwa kwenye kile kishikizi chenye gurudumu moja kinachobana kwa mbavu: ncha ikijitokeza milimita 50 unapata digrii 25, ikijitokeza 38 unapata 30. Mteremko mkuu ulibaki 25, na ukingo mwembamba wa digrii 30, upana usiozidi milimita 1, ukanolewa nchani. Huo ukingo mwembamba ndio unaokata, na ndio pekee utakaonolewa mara nyingi zijazo, hivyo kila kunoa huchukua dakika tano badala ya nusu saa.

Usihamie namba inayofuata mpaka uhisi uzi wa chuma uliojikunja upande wa pili, kwa upana wote wa kisu. Pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kuufuata urefu wa makali. Uzi ukikosekana hata kwa milimita tano za kona moja, pale makali hayajafikiwa, na karatasi laini haitayafikia.

Upande bapa nao una haki yake. Watu wengi hunoa mteremko na kuusahau, ilhali makali ni makutano ya nyuso mbili. Ukiwa na vishimo vya kutu upande mmoja, ni kama hujanoa. Kisu hiki kilikuwa na vishimo hadi ukingoni. Badala ya kusugua bapa lote, rula nyembamba ya chuma, unene wa nusu milimita, iliwekwa kwenye ukingo mmoja wa kioo, mgongo wa kisu ukalazwa juu yake, na milimita chache za ncha peke yake zikaguswa na msasa wa 2000. Inainua kisu kwa chini ya digrii moja, na ndani ya dakika mbili ukanda mwembamba unang'aa kama kioo. Njia hii ni ya kisu cha randa. Patasi usiifanyie hivyo, kwa sababu patasi huhitaji mgongo ulionyooka wote ili iongozwe na mbao.

Mwisho, kona mbili za kisu zilikandamizwa mara kumi zaidi kila moja ili zirudi nyuma kidogo zisiache mistari kwenye meza, na makali yakapitishwa mara ishirini kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia. Ngozi ya namna hiyo hupatikana kwa mabaki kwa mafundi wa viatu na mikoba pale soko la Kariokor.

Kifuniko, kitako, mdomo

Kisu kilichonolewa upya kikarudishwa. Kwenye saipresi randa ilitoa utepe mzima. Kwenye mvule ilikwenda mara sita, ikaziba tena. Hii ilikuwa ishara njema, kwa kuwa sasa tatizo moja lilikuwa limetengwa na mengine.

Kisu na kifuniko, vikiwa vimefungwa pamoja, viliinuliwa kuelekea dirishani. Mwanga ulipita katikati kama upana wa vidole viwili. Maranda huingia kwenye mwanya huo hata ukiwa mdogo kuliko unene wa karatasi, yanajibana, na linalofuata linajikunja juu ya lile lililotangulia. Ukingo wa kifuniko ulisuguliwa kwenye kioo kwa msasa wa 400 huku mkia wake ukishushwa chini ya usawa wa kioo, ili ukingo wa mbele kabisa uwe wa kwanza kugusa kisu. Ukisugua mkia ukiwa juu, utagusa nyuma na kuacha wazi mbele, na utakuwa umetengeneza mtego wa maranda. Uso wa mbele wa kifuniko, ule unaokutana na maranda yanayopanda, ulinolewa kwa digrii 50 hivi na kung'arishwa.

Kwa mbao ya nyuzi zilizopishana kama mvule, umbali wa kifuniko kutoka kwenye makali ndio dawa kubwa kuliko zote. Kikiwa milimita 1.5 nyuma, kinakaza kisu na basi. Kikiwa 0.3, kinayakunja maranda mara tu yanapoinuka, kabla hayajapata nafasi ya kujipasua mbele ya makali na kung'oa nyuzi. Kwa macho, milimita 0.3 ni mstari mwembamba wa kung'aa, mwembamba kuliko laini ya penseli iliyochongwa. Karatasi tatu za fotokopi zikishikanishwa ni unene huohuo. Kaza skrubu nusu, sogeza kwa kugonga taratibu, kisha kaza kabisa huku ukiangalia, maana kukaza kwenyewe husogeza kifuniko mbele.

Mtetemo ulitoka kitakoni. Skrubu mbili zinazokishika zilizunguka robo nzima kabla ya kukaza, na chini yake kulikuwa na utomvu mkavu uliochanganyika na vumbi. Kitako kiling'olewa, kikasuguliwa kwa mswaki mzee na mafuta ya taa, kikafutwa na kurudishwa kikiwa sawa na ukingo wa nyuma wa mdomo. Uhakika hupatikana kwa kipande cha karatasi: kikichomekwa kati ya kisu na kitako karibu na mdomo, kisitoke kwa kuvutwa kirahisi. Mdomo uliachwa na mwanya wa milimita 1. Kifuniko kikikaa karibu na makali, mdomo mwembamba sana huongeza kuziba tu.

Na gurudumu la kina siku zote limalizie kwa kusogeza kisu mbele. Ukimalizia kwa kurudisha nyuma, ulegevu wa skrubu yake unabaki nyuma ya kisu, nacho kitarudi ndani chenyewe katikati ya kazi.

Tumbo, ambalo halikuwa na kosa

Rula ya chuma iliwekwa tumboni kwa urefu, na vipande vya karatasi vikatumika kupima. Pua na kisigino, yaani ncha ya mbele na ya nyuma ya tumbo, vilikuwa vimeinuka. Karatasi moja na nusu ilipita kila upande, milimita 0.15 hivi. Alama za msasa zilikuwa mpya. Plaiwudi hulegea katikati, karatasi isiyobandikwa huvimba mbele ya chuma, na ncha mbili za tumbo huliwa zaidi kila randa inapoingia na kutoka. Isitoshe, alisugua akiwa ameondoa kisu na kibano kinachokishika, ilhali kibano kikikazwa hulipinda tumbo kidogo. Tumbo linatakiwa lisawazishwe likiwa katika hali ya kazi: kisu kimerudishwa ndani, kila kitu kimekazwa kama kawaida.

Mistari ya kalamu ya wino mzito ilichorwa tumboni kwa kukingama, randa ikasuguliwa juu ya kioo kwa msasa wa 80 uliogundishwa, kisha 120. Sehemu tatu tu ndizo zinazohesabiwa: pua, ukanda wa mbele ya mdomo, na kisigino. Mistari ilipofutika hapo, kazi ikaachwa, ingawa katikati ya kisigino palibaki wino. Dakika arobaini zilikwenda kurekebisha kosa ambalo randa haikuja nalo kutoka Gikomba. Mstari wa mshumaa ukapakwa tumboni kama nyoka, na mzigo wa kusukuma ukapungua mara moja.

Mvule wenyewe

Meza ilikuwa na matone ya gundi kavu kwenye maungio. Gundi iliyokauka hulemaza makali haraka kuliko mbao, kwa hiyo ilikwanguliwa kwanza kwa patasi kuukuu. Patasi hiyohiyo ilitumika kwenye vidoa vyeupe vilivyoonekana sehemu tatu. Mvule huhifadhi ndani yake madini ya kalisi kabonati ambayo hugeuka vijiwe, na kijiwe kimoja kinatosha kutia pengo kwenye kisu kilichonolewa kwa saa nzima. Vitafute kwa macho na kwa kucha kabla ya kuanza, vichimbe vitoke.

Randa iliwekwa mshazari, kama digrii 30 kutoka mwelekeo wa kusukuma, na kina kidogo. Maranda kumi yaliyolazwa pamoja na kubanwa na kipimio cha vernia yalipimwa milimita 0.6, yaani 0.06 kila moja. Ubao wa kwanza na wa nne ulilainika kwa mipito michache. Wa pili na wa tatu, ambao nyuzi zake hubadili mwelekeo kila sentimita tano au sita, ulipigwa pande zote mbili ili kusikiliza: mlio mkavu wa kupasuka maana yake geuka, mlio wa hariri maana yake endelea. Kisu kilipelekwa kwenye ngozi kila baada ya robo saa na kwenye msasa wa 2000 mara mbili katika kazi nzima.

Pale msasa ulipotumika kwenye kingo, barakoa ilivaliwa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na koo. Randa, kwa bahati, hutoa utepe badala ya vumbi.

Vishimo vya kutu tulivyovikuta vilikuwa na chanzo chepesi: randa ilikuwa ikilala ndani ya gazeti, chini ya dirisha, msimu wote wa mvua za Machi hadi Mei. Gazeti hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma. Sasa inafutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila baada ya kazi na kukaa kwenye sanduku pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mafuta ya kupikia yasikaribie. Hukauka yakawa gundi.

Palibaki eneo moja la ukubwa wa kiganja, kando ya kifundo kwenye ubao wa tatu, ambalo halikukubali randa kwa upande wowote. Hapo kilitengenezwa kikwaruzo kutoka kwenye bapa la msumeno wa mkono uliochoka, milimita 60 kwa 120. Ukingo wake ulinyooshwa kwa tupa ukawa pembe mraba kamili, ukang'arishwa kwa msasa wa 1000, kisha mpini wa chuma wa bisibisi ukapitishwa kwa nguvu ukiwa umeinamishwa digrii 5 hadi 10, mpaka ukingo ukajikunja kuwa ndoana isiyoonekana ila kwa kidole. Kilishikwa kwa mikono miwili, kikapindwa kwa vidole gumba, kikasukumwa. Kilitoa maranda membamba kwa dakika sita, kikaanza kutoa unga; ndoana ikakunjwa upya, na kifundo kikaisha.